Kurudi majini Leros: shajara ya Matlai, Aprili na Mei 2025

Partheni, mwanzoni mwa Aprili

Matlai, mashua yetu, imesimama wima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo tulilokuwa tukijiuliza tangu majira ya baridi. Mwishoni mwa Januari chini ya bahari kati ya Santorini na Amorgos kulianza kutetemeka, matetemeko maelfu kwa maelfu, na tarehe 10 Februari likapiga la kipimo cha 5.3. Leros, kisiwa hiki cha Ugiriki ilikopandishwa, iko mbali kidogo na hapo, upande wa kaskazini-mashariki. Lakini mashua iliyopandishwa nchi kavu husimama kwa mkuku wake, ule uti wa chini, juu ya magogo, ubavuni imeegemezwa kwa nguzo za chuma zenye skrubu. Ukiwa Hamburg usiku unasoma habari za watu zaidi ya elfu kumi walioihama Santorini, nguzo zile zinakujia akilini moja moja.

Leo asubuhi nimezizunguka zote na spana. Hazijalegea. Magogo chini ya mkuku hayajasogea. Rangi ya chini imepauka na inabanduka, ndani kuna harufu ya magodoro yaliyofungiwa, na kwenye kona za dari umeota ukungu mweusi. Panya hamna, alhamdulillahi.

Kwa kumbukumbu: Matlai ni mashua ya tanga ya faibaglasi, mita kumi na nusu, mlingoti mmoja, injini ndogo ya dizeli, iliundwa Ufaransa miaka ya themanini. Mimi na mume wangu tuliishi humo kabla sijaitwa nyumbani Tanga kumuuguza mama. Mama amepona, anatembea, na kila jioni anapiga simu kuuliza kama nimekula. Sasa tunarudi, na nia yetu ni kuishi: kulala humo, kupika humo, kufanyia kazi humo, kisiwa hadi kisiwa. Kwa mwenye pasi ya Tanzania kuna kipimo kinachotawala mipango yote. Kibali changu cha ukaazi wa Ujerumani kinaniruhusu kukaa Ugiriki siku 90 katika kila siku 180, na siku ya kukwangua rangi inahesabiwa sawasawa na siku ya kuogelea. Kwa hiyo kazi tumezipanga kwa swali moja: kipi kikiharibika kitatuzamisha au kitatukwamisha? Hicho kwanza. Mapazia na vanishi vitasubiri.

Partheni, wiki ya pili ya Aprili

Valvu. Mashua kama hii ina matundu yaliyotobolewa kwa makusudi chini ya mstari wa maji: pale maji ya kupozea injini yanapoingia, pale sinki linapomwaga, pale choo kinapovuta na kutoa. Kila tundu lina valvu yake, na valvu ikikatika maji yanaingia kwa nguvu kuliko unavyoweza kuyafua.

Valvu zetu za zamani ni za shaba iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi huila ile zinki polepole, mwaka baada ya mwaka, ikabaki shaba yenye vinyweleo isiyo na nguvu, na kwa nje valvu bado inaonekana nzima. Njia ya kuijua ni kuikwangua. Nililala kifudifudi chini ya sinki, tochi mdomoni, nikaikwangua shingo kwa ncha ya kisu. Iliyo nzima hung'aa njano. Ya sinki ikang'aa njano. Ya injini njano pia, ingawa kwa shida. Ya choo ikatoa rangi ya waridi. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, na badala ya kulia ikatoa mlio mfu, kama chungu chenye ufa. Nikaishika kwa spana ya bomba bila kukaza sana. Shingo ikakatika, ikabaki mkononi mwangu, na ndani ya mvunjiko ule rangi ya njano ilikuwa imebaki kijistari chembamba tu upande mmoja.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Sisi tulilala juu ya kitu hiki.

Zote tatu tumezitoa, hata zile zilizong'aa, kwa kuwa zina umri mmoja, na mpya ni za bronzi. Kila bomba la mpira limefungwa kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Pembeni ya kila valvu nimening'iniza kwa uzi nguruzi ya mbao laini, kizibo kilichochongwa kwa kipimo cha tundu lake, ili siku ya siku ikifika mtu asiitafute gizani.

Partheni, siku mbili baadaye

Jioni nilimpigia mjomba, Tongoni. Ujana wake wote aliumalizia kwenye majahazi, na huwa hapendi kazi ya chombo ifanyike bila yeye kuulizwa.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Chombo mmekishusha?"

"Bado. Tunapaka chini kwanza."

"Bamvua lini huko?"

"Huku hakuna bamvua, mjomba. Maji hayatoki."

Akanyamaza. "Hayatoki kabisa?"

"Yanapanda na kushuka sentimita chache. Ukifunga gatini asubuhi, jioni ngazi iko palepale."

"Sasa chini mnapafikia vipi?"

Swali lake ndilo linaloeleza nusu ya maisha ya huku. Kwetu, wakati wa bamvua, yale maji makubwa, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Unakipeleka chombo mchangani maji yakiwa yamejaa, unakiegemeza, yanapwa, na unayo masaa ya kukwangua, kukalafati, yaani kuziba nyufa, na kupaka deheni, ile shahamu na chokaa, kabla maji hayajarudi kukiinua. Bahari yenyewe inakupandishia chombo na kukushushia, hailipwi. Mediterania ni bahari iliyozingirwa. Inapokea Atlantiki kupitia mlango wa Gibraltar, ambao pale penye wembamba una kilomita 14 hivi, na maji hayapati nafasi ya kujaa na kupwa kwa kipimo cha bahari kuu. Ndiyo maana hapa kila mashua hungoja kreni, na ndiyo maana kisiwa kidogo kama Leros kina karakana zenye mashua nyingi zilizosimama nchi kavu majira ya baridi, na mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo.

"Basi bahari hiyo haina msaada," alisema mjomba. Kisha akaniuliza tunapaka nini badala ya deheni. Nikamwambia: rangi yenye shaba ndani yake, inayoyeyuka kidogo kidogo ili viumbe wenye magamba wasijishikize. Akataka kujua kama inanuka. Inanuka. Na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo tulikwangua ile ya zamani ikiwa imelowa, barakoa usoni, na maji machafu tukayakusanya. Tulipaka rangi mikono miwili kila mahali, na mkono wa tatu kwenye usukani na kwenye mstari wa maji, panapopigwa na jua na mwani kuota haraka.

Partheni, Ijumaa Kuu

Karakana imefungwa. Mwaka huu Pasaka ya Waorthodoksi na ya Wakatoliki zimeangukia siku moja, 20 Aprili, na kisiwa chote kimesimama. Mimi ni Mwislamu, lakini mtu akikaa kwenye kijiji hiki wiki hii hawezi kupita nje yake. Jana mama wa duka la mikate alinipa mayai mekundu kwenye mfuko wa karatasi na kukataa pesa.

Kwa kuwa hakuna kazi, tulitembea hadi kikanisa cha Agia Kioura, nje kidogo ya Partheni. Utawala wa kijeshi wa 1967 hadi 1974 ulitumia Leros kuwafungia wapinzani wake wa kisiasa, na moja ya kambi ilikuwa hapahapa Partheni. Wafungwa ndio waliozipaka picha kuta za kikanisa hiki. Hawakufuata sana mtindo wa kawaida wa picha takatifu za Kigiriki. Nyuso zao ni za watu waliochoka, wenye mikono mizito, watu unaoweza kukutana nao gatini. Mlinzi hayupo, tikiti hakuna, unasukuma mlango unaingia. Nilitazama mikono ile zaidi ya nyuso. Kisiwa hiki kimebebeshwa mengi: Waitaliano walikitawala tangu 1912, Novemba 1943 kikapigwa mabomu na kutekwa na Wajerumani, kisha wafungwa, na kwa miongo kadhaa hospitali ya wagonjwa wa akili iliyokuja kujulikana Ulaya nzima kwa hali yake mbaya. Na watu wake ni wapole namna hii. Sijui niliandike wapi hilo, basi naliandika kwenye shajara ya mashua.

Partheni, baada ya Pasaka

Dizeli. Nilifyonza kutoka chini kabisa ya tangi kwa mpira mwembamba, nikapata kwenye chupa dizeli safi juu, maji chini, na katikati utando mweusi unaovutika. Hao ni vijidudu na kuvu wanaoishi pale maji na mafuta yanapokutana. Ukienda baharini nao, wimbi la kwanza linawatibua, chujio linaziba, injini inazima, na mara nyingi inazima mlangoni mwa bandari, mahali penye mtikiso. Tangi limemwagwa, limesuguliwa, chujio zote mpya. Impela ya pampu ya maji mpya pia, maana mapezi yake ya mpira yalikuwa yamekauka kwa umbo la kupinda.

Halafu upepo wa kusini ukaja na vumbi la Sahara. Mbingu zikawa za rangi ya chungwa siku nzima, usiku ikanyesha, na asubuhi kila mashua karakanani ilikuwa imepakwa tope jekundu. Sitaha tuliyoiosha ikaoshwa tena. Kamba ndizo zilizotaabika: vumbi lile likiingia kwenye nyuzi huzila kila kamba inapopita kwenye kapi. Henza zote mbili, kamba za kupandishia matanga, nimezilowesha kwenye beseni hadi maji yalipokuwa meupe.

Partheni, mwisho wa Aprili: siku ya kushusha

Kreni ya mikanda iliikumbatia Matlai saa tatu asubuhi. Hapa kuna dakika ambazo hazifai kuharakishwa. Mashua ikiwa imeshaingia majini lakini bado inaning'inia mikandani, unaruka ndani na kufungua mbao za sakafu. Mume wangu alikaa injini, mimi nikashika ngamani, chini kabisa ya mashua. Valvu ya sinki: kavu. Ya injini: kavu. Ya choo: tone moja, likasimama, nikakaza klipu, likakauka. Shimo la shafti ya rafadha: matone machache, kama inavyotakiwa. Nikapitisha karatasi ya choo kuzunguka kila kiungo, maana karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakiujui. Ikatoka kavu. Nikapiga kelele "sawa!" kwa Kiswahili, na mwendesha kreni akaelewa.

Injini iliwaka mara ya pili. Tulichungulia nyuma hadi tukaona maji yakitemwa kwenye bomba la moshi, ndipo tukashika usukani.

Lakki, mapema Mei

Lakki ni bandari ya ajabu. Ghuba yake ni ya ndani sana, imefungwa kila upande, miongoni mwa bandari kubwa za asili za Mediterania. Waitaliano waliijenga kwa ajili ya jeshi lao la majini, na miaka ya 1930 wasanifu Rodolfo Petracco na Armando Bernabiti wakachora mji mzima kwa mtindo mmoja: kuta za mviringo, mnara wa saa, soko, sinema, barabara pana zenye mikalitusi. Tumefunga hapa ili kumaliza karatasi na kujizoeza.

Karatasi kwanza. Ofisi ya polisi wa bandari walikagua hati ya mashua na bima, na tozo ya TEPAI, inayotozwa tangu 2019 kwa mashua zinazozidi urefu wa mita saba, inalipwa kwa mtandao. Usiondoke bila risiti yake kwenye simu.

Kujizoeza ndiko kugumu. Tangi letu la maji linachukua lita 300. Nyumbani Hamburg mtu hafikirii bomba. Hapa unaosha vyombo kwa maji ya bahari, unasuuza kwa kikombe, unaoga baharini na kujimwagia lita mbili za maji baridi mwishoni. Umeme ni wa jua. Jioni ya kwanza friji ililia usiku kucha, na asubuhi betri zilikuwa zimeshuka mno, kwa hiyo sasa friji inazimwa saa nne usiku na samaki hununuliwa wa siku hiyo. Mwili pia unajifunza upya. Wiki nzima nilikuwa na michubuko mapajani. Sasa mkono unatangulia wenyewe kushika ubao kabla mashua haijalala upande, na nimeacha kuamka kila mnyororo unapogusa jiwe.

Nilikwenda kununua kamba ya kufungia gatini kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mzee mwenye duka akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Wapi Tanzania? Tanga. Akaweka kalamu chini, akasema, "Mkonge." Kisha, polepole, neno baada ya neno: "Habari ya asubuhi. Maji moto. Haraka haraka." Baba yake mdogo alikuwa msimamizi wa shamba la mkonge njia ya Korogwe, mmoja wa Wagiriki wengi waliolima mkonge Tanganyika, na yeye mwenyewe alipelekwa huko akiwa mtoto. Alitaka kujua kama treni ya Tanga bado inalia usiku. Kwenye rafu ya juu alikuwa na kunjo la kamba ya mkonge, nene, imegeuka kijivu kwa vumbi. Haiuzi. Mimi nilinunua ya nailoni, ambayo hunyumbuka mashua inapovutwa, naye akanipimia mita mbili za ziada.

Lipsi, katikati ya Mei

Tumesafiri kwa tanga. Tulitoka Lakki alfajiri, tukaizunguka Leros upande wa magharibi, na upepo wa kaskazini-magharibi ukatukuta pale mbele. Tulitweka tanga kuu, tukafungua la mbele, injini ikazimwa, na tukabisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, hadi Lipsi mchana mzima. Matlai inakula upepo vizuri kuliko nilivyokumbuka. Tanga kuu limeachia mshono karibu na ncha ya nyuma, kiasi cha shibiri. Kamba zinakwenda bila kukwama.

Kuingia gatini kwa namna ya huku ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Unaangusha nanga katikati ya bandari, unarudi nyuma huku mnyororo ukitoka, na unafunga tezi, upande wa nyuma, gatini, omo, upande wa mbele, ikitazama baharini. Jirani akiangusha yake juu ya yako, kesho asubuhi mtaing'oa pamoja. Nje ya bandari, tukilala ghubani, natafuta mchanga kwa macho kabla ya kutia nanga. Sakafu ya hapa imefunikwa na nyasi za Posidonia oceanica, ambazo hazipatikani nje ya Mediterania. Zinakua polepole mno, samaki huzaliana humo, na nanga ikiburutwa juu yake huacha jeraha la miaka. Isitoshe haishiki. Katika maji ya mita sita nilitoa mnyororo mita thelathini, nikaruka na miwani kuitazama: nanga imejifukia mchangani hadi kwenye mkono wake.

Sasa la meltemi, kwa sababu ndilo litakaloamua Juni yetu. Upepo huu wa kaskazini hushika bahari ya Aegean kiangazi, hukomaa Julai na Agosti, na unaweza kuvuma siku mfululizo kwa nguvu ya 7 au 8 katika kipimo cha upepo cha Beaufort, chini ya mbingu safi. Hilo ndilo linalomsumbua mtu wa pwani yetu. Macho yangu yamefundishwa kutafuta wingu, na hapa hakuna wingu la kukuonya.

Na bado ni ndugu wa upepo wetu. Kiangazi joto la Asia huacha eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa, kutoka India hadi Ghuba ya Uajemi, na ulimi wake hufika Uturuki. Juu ya Balkani mgandamizo ni mkubwa. Hewa hushuka kati ya hizo mbili, nayo ndiyo meltemi. Mvuto huohuo wa Asia ndio unaopandisha kusi, upepo wa kusini, kutoka upande wetu kwenda kaskazini. Mwezi ambao mjomba hafiki mbali kwa sababu ya kusi ndio mwezi ambao mabaharia wa Lipsi wamejifungia bandarini. Nilipomweleza hili kwenye simu hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Basi mnajua la kufanya. Pandeni sasa, mshuke nao."

Ndivyo tutakavyofanya. Upepo ukiwa bado mwepesi tunapanda kaskazini: Arki, Patmos, Fourni, hadi Samos. Meltemi ikianza kujijenga mwezi wa Juni tunageuza omo na kurudi Leros ukiwa nyuma yetu, kabla siku zangu 90 hazijaisha. Mume wangu, ambaye pasi yake haina hesabu hiyo, atabaki na Matlai Lakki kiangazi, nami nitarudi Oktoba.

Yaliyobaki: mshono wa tanga, ambao naushona leo kwa sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta. Pampu ya choo inavuta hewa mahali fulani. Redio ya VHF, ya kuzungumzia baharini, inapokea vizuri lakini gati la Patmos halikutusikia tulipojaribu, kwa hiyo waya wa antena juu ya mlingoti lazima ukaguliwe, na mimi ndiye mwepesi, mimi nitapanda. Utabiri wa kesho ni 3 hadi 4 kutoka magharibi. Ukibaki hivyo tunang'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi kwenda Arki.